Nishani ya babu ikabidhiwe pamoja na ukweli wake

WAZEE wetu waliopigana Vita vya Kagera sasa ni mababu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, leo amevuka miaka 65. Masandukuni mwao mna nishani, kofia, picha zilizofifia na barua zilizotoka mstari wa mbele. Na katika kila ukoo hakosekani mjukuu apendaye historia, asiyechoka kuuliza: "Babu, hiki ulikipata wapi?"

Swali hilo ni zito kuliko anavyodhani muulizaji. Je, babu anapomkabidhi mjukuu kitu kile, anamkabidhi nini hasa?

Wapo wasemao kuwa ni ukumbusho tu, mtoto akifurahi yatosha. Lakini nishani isiyo na maelezo ni kipande cha chuma. Shuleni mtoto anafundishwa kuwa Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Tarehe hiyo haimwelezi njaa wala hofu ya usiku, wala haimtajii jina la yule aliyelala handaki moja na babu yake, ambaye leo yuko katika makaburi ya mashujaa Kaboya, wilayani Muleba.

Wengine husema ya vita yaachwe vitani. Hawa tuwaheshimu, kwani kuna majeraha ambayo kuyasimulia ni kuyatonesha, na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mzee. Hata hivyo, ndugu msomaji, babu akitoa nishani na kunyamaza, mtoto atajaza pengo lile kwa yale aliyoyaona kwenye sinema. Atakua akiamini vita ni mchezo ambao wema hawafi.

Ugumu zaidi upo kwenye vitu ambavyo havikuwa vya babu. Inajulikana kuwa Kampala ilipoanguka, maduka na nyumba za watu viliporwa. Mali ya raia aliyekimbia nyumba yake haigeuki kuwa halali kwa sababu imekaa sandukuni miaka 40. Baada ya vita vya Khaibar, watu walimpongeza mtu aliyeuawa kwa mshale wakidhani kafa shahidi. Mtume (s.a.w.) akawaeleza kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa inamuunguza. Aliyesikia hayo akaenda kurudisha hata kamba ya kiatu. Ikiwa kamba ya kiatu ina hesabu, itakuwaje saa ya mkononi au pete?

Tuchukue mfano wa picha ya familia iliyotolewa mfukoni mwa askari wa Libya aliyeuawa Lukaya, Machi 1979. Kwa sokoni haina bei. Lakini askari yule naye alikuwa na mama, na huenda leo ana mjukuu anayeuliza babu yake alifia wapi. Picha hiyo ni amana, na Qur'an (4:58) inatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe. Mwenyewe akijulikana, arudishiwe. Asipojulikana, angalau mtoto aambiwe kuwa hiki si chetu, tumekishikilia tu. Mjukuu akisikia hayo atajifunza historia ambayo hakuna kitabu cha shule kitakachompa: kwamba upande wa pili nao kulikuwa na watu.

Kwa hiyo, wazee, toeni vitu hivi mngali hai, mbele ya watoto wenu, ili kesho pasiwe na ugomvi wa mirathi. Risasi na mabomu si ukumbusho, yasiguswe, polisi waarifiwe. Nanyi wajukuu, andikeni au rekodini kwa simu anayoyasema babu, pamoja na yale yasiyompendezesha. Anayeficha nusu ya ushahidi hajatoa ushahidi, na mtoto aliyelelewa kwa sifa tupu za vita ndiye atakayekuwa mwepesi wa kuitamani vita nyingine.

Wallahu a'alam.