Ubao Unaojipinda Wenyewe

Okota koni ya msonobari siku ya jua kali, utaikuta magamba yake yamechanua. Itumbukize majini uiache: polepole itajifunga. Ikikauka, inafunguka tena. Nami huwa nastaajabu zaidi nikikumbuka kwamba koni hiyo imeshakufa. Kila gamba lina tabaka mbili. La nje hunyonya unyevu na kurefuka, la ndani karibu halibadiliki, basi gamba halina budi kupinda kuelekea ndani. Hewa ikikauka, magamba yanafunguka na mbegu zenye mabawa zinachukuliwa na upepo.

Kwa seremala, tabia hiyohiyo ya mti ni balaa. Mlango wa mbao mbichi hupinda, ukakataa kufunga, na mteja akarudi na lawama. Ndiyo maana tunazibana mbao, tunazipigilia, tunazilazimisha zitulie.

Achim Menges na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, waliamua kuifuata tabia hiyo badala ya kupigana nayo. Mwaka 2012 walionyesha jijini Paris kazi iitwayo HygroScope, yenye vipande vyembamba vya mbao vinavyofunguka na kujifunga kwa unyevu wa hewa tu, bila mota. Mwaka 2019, wakishirikiana na watafiti wa Uswisi, wakasimamisha mnara wa mita 14 huko Urbach, Ujerumani. Mbao zake ziligundishwa tabaka mbili, nyuzi za moja zikikatiza za nyingine, zikiwa bapa na zenye unyevu wa asilimia 22. Zilipokaushwa hadi asilimia 12 zilijikunja zenyewe kwa umbo lililokokotolewa tangu mwanzo. Hazikuhitaji mashine nzito za kuzikunja.

Mimi naona hapo heshima: kukiuliza kitu kinataka kwenda wapi kabla ya kukiamuru. Na heshima hiyo mafundi wetu wanayo tayari. Fundi mzoefu hutazama kichwa cha ubao, akasoma pete za mti, akakuambia utapinda upande gani, kwa kuwa ukikauka pete hizo huelekea kunyooka. Ujuzi huo anautumia kukwepa hasara tu. Na mbao tunazo: misonobari ya Sao Hill, Mufindi, Tanzania, inageuzwa mbao kila siku. Natamani vyuo vyetu vya ufundi vimkalishe fundi huyo meza moja na wahandisi, aulizwe anachokijua, na kijana anayejifunza useremala apewe ubao mbichi na kazi ya kuupindisha kwa jua peke yake.