Vumbi la Kipepeo

Somo: Mathayo 6:26, 2 Wakorintho 3:18, Yakobo 3:5–10



Bwana wetu alituagiza tuwatazame ndege. Sisi tunaokaa Ole hatuna haja ya kwenda mbali kumtii. Mlangoni petu, penye maua ya migomba, huja chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Chozi wa Pemba hapatikani penginepo duniani ila katika kisiwa chetu na visiwa vidogo vilivyo kando yake.

Jua likimpiga, dume hung'aa kijani na zambarau. Akiingia kivulini, twaona ndege mweusi tu. Rangi imekwenda wapi? Wataalamu hutufundisha kwamba mng'ao ule haukupakwa. Ndani ya unyoya mna chembe nyeusi ndogo mno, zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na mpango huo huirudisha nuru ikawa kijani machoni petu. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke aliandika habari za unyoya wa tausi alioutazama kwa darubini: alipoulowesha maji, rangi zake zilitoweka.

Na sisi tu vivyo hivyo. Wema unaoonekana kwetu si mali yetu. Tukikaa katika nuru ya Kristo twang'aa. Tukijitenga nayo, weusi wetu waonekana.

Sasa tumtazame kipepeo. Mtoto akimshika, vidoleni mwake hubaki kama vumbi. Si vumbi. Ni magamba madogo sana, yaliyolaliana kama vigae vya paa, na ndiyo yanayompa rangi zake. Ndege hupukutisha manyoya yake akaota mengine, lakini kipepeo haoti magamba mengine. Yaliyofutika yamefutika, naye huruka hivyo hivyo mpaka mwisho wake.

Ndugu zetu, tuna jambo la kuungama. Hesabu ya sadaka ilipopungua, tulimtaja mwenzetu mmoja. Hatukumtaja mbele yake. Tulimtaja barazani, kisimani, na njiani tukitoka kusali. Baadaye ilionekana kwamba tulikosea kuhesabu sisi wenyewe, na fedha zilikuwa kamili. Tukafurahi kwa ajili ya fedha, tukanyamaza kwa ajili ya mtu. Tangu siku ile mahali pake pa wazi. Alipougua, majirani Waislamu walimpelekea uji kabla yetu.

Hakuna aliyekusudia kumwangamiza. Hata mtoto hakukusudia kumharibu kipepeo. Alitaka kumshika tu. Lakini jina la mtu ni kama bawa lile: kila aliyeligusa aliondoka na kidogo vidoleni mwake. Mtakatifu Yakobo ametuonya kwamba ulimi ni kiungo kidogo, nao huwasha moto mkubwa.

Tufanyeje? Magamba hatuwezi kuyabandika tena. Kufanya upya ni kazi ya Mungu, kama isemavyo Zaburi ya 103. Kazi yetu ni kuungama, na kuungama kusiwe kwa siri wakati kosa lilikuwa la wazi. Tuliosema barazani, tukanushe palepale barazani. Kisha twende kwake, sote tuliosema, tusimtume mzee mmoja kwa niaba yetu. Tusimwambie, "Yamepita." Yeye ndiye mwenye haki ya kusema hivyo. Akikataa kurudi upesi, tusimlaumu mara ya pili.

Bwana ametuagiza katika Mathayo 5:23–24 tupatane na ndugu kwanza, ndipo tutoe sadaka. Basi, kabla hatujaikaribia Meza Takatifu Jumapili ijayo, tuwe tumekwisha kubisha hodi mlangoni pake. Sisi Wakristo wa Pemba tu wachache. Hatuna mtu wa kupoteza, na hata tungalikuwa wengi, tusingekuwa naye.

Ee Bwana, uliyempa chozi mng'ao wake na kipepeo vazi lake, utusamehe kwa yale tuliyomvua ndugu yetu. Utuangazie nuru yako, umrudishie heshima yake, na utulinde vinywa vyetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.