Uamuzi Ni Wako

Binamu yangu ana miaka sita na saratani ya damu. Kila akimaliza mzunguko wa dawa Bugando, sisi ndugu humpigia mama mdogo: mnabaki Mwanza au mnarudi Ngokolo? Uamuzi ni wako. Mwanzoni niliona tunamheshimu.

Wiki moja au mbili baada ya dawa hizo, chembe nyeupe za damu hushuka mno. Joto likifika nyuzi 38, mtoto anatakiwa kupata antibayotiki ya mshipani haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja. Kutoka kwetu Shinyanga hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 150. Homa haingoji basi la alfajiri.

Mwaka 2021 ulichapishwa Marekani utafiti uliofuatilia watoto wenye aina kali ya ugonjwa huu. Haukuona tofauti kubwa ya maambukizi ya bakteria kwenye damu kati ya waliobaki wodini na waliorudishwa nyumbani. Nilimsimulia mama mdogo kwa furaha ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Akaniuliza, "Hao wana gari?"

Kubaki nako kuna bei yake. Kaka wawili wa mgonjwa wanapikiwa na jirani, na genge la nyanya limefungwa. Mgonjwa mwenyewe anataka kulala katikati ya kaka zake, haohao wenye mafua.

Akifia wodini, tutasema ni kazi ya Mungu. Akifia Ngokolo, tutauliza mama yake alikuwa wapi. Sasa naona ile "uamuzi ni wako" yetu ilikuwa ni kumkabidhi lawama mapema. Lakini kumlazimisha abaki ni kuamua kwamba wale wawili hawahesabiki, na sina haki hiyo. Nadhani anayemwambia mtu achague anadaiwa kwanza: nauli iwe mkononi, dereva awe amekubali kuamshwa, hospitali ya hapa Shinyanga iwe na taarifa za mtoto kabla hajaugua. Sisi hatukuwa tumefanya hata moja. Tulikuwa na salio la simu tu.

Safari hii wamerudi. Mama mdogo alikuja na kipimajoto kimefungwa kwenye pindo la khanga. Usiku wa siku ya tisa kilisoma 37.8. Akakifuta, akakirudisha kwapani mwa mtoto. Mimi nikatoka nje kumpigia dereva.