Kosa Lililonyamazishwa

Fundi aundaye programu huria kwa ajili ya seva hupata mashaka ambayo mtumiaji hayajui. Huchukua maandishi yaliyotungwa na watu asiopata kuwaona, akayatia katika skripti ya matayarisho, na skripti ikaihoji mashine maswali kwa mamia: maktaba fulani ipo? amri fulani yakubaliwa? Kisha kompaila huyafasiri maandishi yale kwa lugha ya mashine. Mara kazi husimama, na kiooni hutokea kosa. Usiku umekuwa mwingi, wenye seva wanangoja asubuhi, na njia mbele ya fundi ni mbili. Ya kwanza ni kulielewa kosa na kuondoa sababu yake. Ya pili ni kulinyamazisha: kufuta mstari unaolalamika, kuzima onyo, kuisukuma skripti ipite. Mwisho wa njia zote mbili programu huundika na seva huamka, wala mtazamaji hawezi kujua ni ipi iliyofuatwa. Je, mtu mwaminifu aweza kuifuata ya pili bila ya lawama?

Si haki kumhukumu kwa haraka. Maonyo ya kompaila ni mengi, na mengi kati yao hayana madhara. Nahodha ashushaye tanga kwa kila mlio wa ubao hafiki bandarini. Lakini kujua kwamba mlio hauna maana ni jambo moja, na kutamani usiwe na maana ni jingine. Usiku wa manane mambo haya mawili hufanana mno.

Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, mfumo mashuhuri wa programu huria, alikutana na onyo la namna hii katika OpenSSL, maktaba itumiwayo kutengenezea funguo za siri. Chombo cha kukagua kumbukumbu kililalamika kwamba programu ilisoma mahali ambapo hapakuwa pameandikwa kitu. Mtunzaji hakuwa jeuri. Aliuliza hadharani, na majibu aliyoyapata hayakumzuia. Akaondoa mistari miwili. Mmoja haukuwa na thamani kubwa. Wa pili ndio uliokuwa ukimimina vitu vyote visivyotabirika katika chungu ambamo funguo zilifinyangwa. Tangu hapo kilichobaki kutenga ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya mchakato peke yake, nayo haikuzidi 32,768. Kufuli iliyodhaniwa kuwashinda wezi wa dunia nzima ikawa yaweza kufunguliwa na mtu mwenye orodha fupi na subira kidogo. Karibu miaka miwili programu ile iliundika bila ya kulalamika, na funguo zake zilionekana kama funguo nyingine zote, hata Luciano Bello alipougundua udhaifu huo, ukatangazwa tarehe 13 Mei 2008.

Nia ya mtunzaji ilikuwa safi na madhara yalikuwa makubwa. Apimaye kwa nia atamsamehe. Apimaye kwa madhara atamlaani. Yamkini wote wawili wanapita kando ya jambo lenyewe. Kuuliza kulimwokoa na ujeuri, lakini hakukumpa ujuzi. Na tendo lilitendeka kana kwamba amekwisha kuupata.

Mwaka 2024 njia ile ile ilitumiwa na mtu wa nia mbaya. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amefanya kazi kwa miaka zaidi ya miwili katika mradi wa xz, programu ya kubana mafaili, hata akaaminiwa na mtunzaji wake, ambaye alikuwa amechoka na asiyelipwa. Toleo la 5.6.0 lilipotoka mwezi Februari, skripti ya matayarisho iliyofungwa katika furushi lake ilikuwa na mistari isiyoonekana katika maandishi ya mradi yaliyo wazi kwa watu wote. Mistari ile ilichota kitu kilichofichwa ndani ya mafaili ya majaribio, ikakitia katika maktaba wakati wa kuundwa. Kwa kuwa mifumo kadhaa huiunganisha maktaba hiyo, kwa njia ya mzunguko, na programu ya kuingilia seva kutoka mbali, mwenye ufunguo fulani angeweza kuziamuru seva hizo bila ya kubisha hodi.

Mwezi huo huo ilitiwa nukta moja. Kati ya majaribio ya matayarisho lilikuwamo moja la kutazama kama mashine ina kizuizi kiitwacho Landlock, ambacho huizuia programu kugusa isivyovihitaji. Skripti huunda kijiprogramu kidogo. Kikiundika, kizuizi kipo. Kikishindikana, husema hakipo na kuendelea. Nukta iliyowekwa peke yake mwanzoni mwa mstari ilikifanya kijiprogramu kile kishindwe kila mahali, na skripti ikanyamaza kama ilivyofundishwa. Hakuna aliyedanganywa na skripti. Ilisema kile ambacho watu wameizoeza kusema.

Huweza kujibiwa kwamba aliyepewa bure hana deni. Leseni za programu hizi zenyewe husema kwamba hazina dhamana. Jibu hili ni kweli kwa mtoaji na mpokeaji, lakini fundi wa seva si mpokeaji tu. Huipokea zawadi kwa mkono mmoja na kuwakabidhi wengine kwa mkono wa pili: wenye barua, wenye fedha, wenye siri za ugonjwa, ambao hawakuisoma leseni wala hawajui kwamba ipo. Deni lake ni kwao.

Hata hivyo deni hilo lina kiasi. Kumtaka kila fundi aelewe kila kosa ni kumtaka asilale. Andres Freund, mmoja wa watungaji wa PostgreSQL, hakuwa akiwinda waovu. Alikuwa akipima kasi ya kazi yake, akaona kuingia katika mashine kunachukua sekunde 0.8 mahali pa 0.3. Ndipo alipokumbuka lalamiko la ajabu la chombo cha kukagua kumbukumbu aliloliona majuma machache nyuma. Lalamiko la jamaa yake lilikuwa limekwisha kuzimwa na Jia Tan katika toleo la 5.6.1 kwa maelezo yaliyoitupia kompaila lawama, na watu wema wakamsaidia. Freund hakuwa amelielewa lake wakati ule, wala hakulifuatia. Lakini hakujiambia kwamba si kitu. Aliliacha wazi moyoni, kama mtu aachavyo mlango wa chumba ambacho hajamaliza kukifagia.

Tarehe 29 Machi 2024 alitangaza aliyoyaona, kabla matoleo yale hayajafika katika mifumo imara ya Debian. Siku ya pili yake mtunzaji wa xz aliiondoa nukta.