Jirani Ambaye Bado Hajafika

Nyumba ya zamani inabomolewa Kileleshwa, uzio wa mabati unawekwa, na muda si mrefu kuna bango barabarani lenye picha ya jengo la ghorofa 15. Halafu linatokea bango la pili, la wakaazi: hatutaki. Kisha wakili, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mambo haya yamejirudia Kilimani, Lavington na Westlands mpaka tumeyazoea. Sisi tusio na ploti huko tunatazama kama mechi ya matajiri. Wacha wamalizane.

Lakini kuna swali hapo linalomhusu hata anayehesabu kodi ya keja kila tarehe tano. Kufika mahali kwanza kunakupa haki gani juu ya yule anayetaka kuja baadaye?

Wakaazi husema wanalinda hadhi ya mtaa. Miti, kimya, ua wa watoto kucheza. Hakuna ubaya kupenda hivyo vitu, nani hapendi? Shida ni kwamba kimya hicho hakikuanguka kutoka mbinguni. Nairobi ya mkoloni ilipangwa kwa rangi: Wazungu upande wa magharibi kwenye ploti kubwa, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Pumwani, Kaloleni na kwingineko Eastlands. Mwafrika aliyelala Lavington alilala chumba cha nyuma, kwa sababu alikuwa mpishi au mtunza bustani. Uhuru ulipokuja 1963, sheria ya rangi iliondoka, ploti kubwa zikabaki. Bei ikachukua kazi ya askari wa getini. Kwa hivyo mtu akisema "hadhi ya mtaa," ni sawa kumuuliza: hadhi ya nani, na aliipata vipi?

Developa naye hujibu haraka: jiji linahitaji nyumba. Kweli. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya makao. Ila ukiuliza bei ya hizo nyumba zake, utagundua yule mpangaji anayemtaja kwa huruma hatapewa funguo. Labda atanufaika kwa mbali, kwa sababu anayehamia Kileleshwa anaacha nyumba wazi South B. Lakini hiyo si sababu ya kujenga ovyo. Tufanye hesabu ndogo. Kiwanja kilichokuwa na familia moja kikipata ghorofa 15 zenye nyumba nane kila moja, hizo ni jikoni 120, na vyoo visivyopungua 120. Bomba la maji taka ni lile lile. Maji ya mfereji yakipotea, kila mtu anachimba kisima au anaita lori. Jirani anayelalamikia hilo haringi. Uchafu ukifurika, utapita mlangoni kwake.

Kifungu cha 42, kinachotangulia hicho cha makao, kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kwenye Katiba, haki hizi mbili ni majirani wa ukuta mmoja. Mtaani ndipo zinapelekana kortini.

Mimi naona tumechanganya vitu viwili: haki ya kuulizwa na haki ya kukataa. Ya kwanza ni ya kila jirani, bila masharti. Anayejenga bila kuuliza anawadharau watu, hata jengo lake likiwa zuri namna gani. Ya pili lazima ilipiwe kwa sababu, na sababu zenyewe zina uzito tofauti. "Bomba halitoshi" ni sababu. "Watakuja watu wa aina gani?" si sababu. Hapo unachagua majirani kama mtu anayechagua viatu.

Namna ya kuzipima ipo. Chukua sababu yako, uipeleke Pipeline, kule Embakasi, ambako majengo yamebanana hadi mtu wa chini anawasha taa saa sita mchana. Je, bado unaiamini? Ukisema jua ni haki, basi ni haki ya huyo pia. Ukisema usalama wa jengo ni haki, kumbuka Huruma, Aprili 2016, jengo lilipoanguka na kuua watu zaidi ya 40. Wapangaji wale nao walistahili mhandisi anayekagua na afisa anayesimamisha kazi. Haki inayosikika tu pale watu wanapoweza kuchangia ada ya wakili ni upendeleo uliovaa suti.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji aumie ili mgeni apate nafasi. Hawakusema pia mwenyeji afunge mlango kwa sababu alizoea kula peke yake. Jengo jipya lije na bomba lake, na njia ya miguu, na bei ambayo mwalimu au nesi anaweza kuota bila kucheka. Developa alipie hayo kabla ya kuchimba msingi, na kaunti isitoe kibali kabla hajalipa.

Na kwenye mkutano wa wakaazi, kabla ya kupiga kura, mtu mmoja aulize swali ambalo huwa halimo kwenye ajenda: yule ambaye angehamia hapa, na ambaye leo hayuko chumbani, tumemwakilisha vipi?