Kelele za Jokofu

Mtu azimaye sauti asiyoielewa ana hatia gani? Swali hili sikulipata chuoni. Nililipata Kharumwa, katika Wilaya ya Nyang'hwale, nyumbani kwa dada yangu, nilipolazwa sebuleni karibu na jokofu.

Usiku ulikuwa mtulivu. Mara jokofu lilitoa mlio kama wa kijiti kinachovunjika, likavuma, likabubujika kama mtu asukutuaye kinywa, likanyamaza, na kabla usingizi haujarudi likaanza tena. Nilidhani litaunguza nyumba. Niliinuka, nikachomoa waya, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi dada alifungua mlango akakuta barafu imekuwa maji. Ndani mlikuwa na chupa zake za insulini, dawa ambayo kabla ya kufunguliwa hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. "Mdogo wangu," alisema, "lilikuwa linafanya kazi." Hakuongeza neno. Alizitazama chupa moja moja kwenye mwanga. Lakini insulini iliyopungua nguvu yaweza kuwa na sura ile ile ya iliyo nzima, na jicho halina msaada.

Kumbe kelele zile zilikuwa mazungumzo ya kawaida. Mvumo ni wa kompresa isukumayo gesi. Mbubujiko ni gesi hiyo, iliyokwisha kugeuzwa majimaji, ikichemka katika mabomba na kuchukua joto la ndani. Mlio wa kuvunjika ni plastiki ijikunjayo kwa baridi na kutanuka kwa joto. Kelele ya kuhofiwa ni nyingine: mvumo mfupi, "ta", kimya cha muda mdogo, kisha mvumo mfupi tena, na baridi haiongezeki. Hapo kompresa inashindwa kuanza, pengine kwa sababu umeme ni hafifu, na kinga yake inaukata isiungue. Hapo kuchomoa waya ni hekima.

Nilijitetea kwamba sikujua. Lakini kutojua humsamehe aliyekosa mtu wa kumwuliza. Mwenye kujua alikuwa chumba cha pili, hatua sita tu kutoka nilipolala. Mimi, ambaye nisingemruhusu mwanafunzi kufuta neno katika utenzi kwa sababu tu hajui maana yake, nilifanya hivyo hivyo katika nyumba ya mwenzangu. Na kusema kweli, moto sikuuogopa sana. Nilitaka usingizi, hofu ya moto ilikuwa wakili wangu.

Mfamasia alimwambia dada kwamba usiku mmoja hauiharibu dawa papo hapo, ila chupa zile zihesabiwe kama zilizofunguliwa, zitumike ndani ya siku 28. Zilikuwa za miezi mitatu. Zilizozidi nililipia, naye alipokea fedha bila kunitazama.

Usiku uliofuata nililala palepale. Jokofu lilivuma, likabubujika, likanyamaza. Nami nilikaa macho gizani, nikingoja livume tena.