Mwanga wa Kimulimuli na Bei Yake

Kiumbe mdogo aweza kuzaa swali kubwa. Kimulimuli hutoa mwanga usiounguza: tumboni mwake kitu kiitwacho lusiferini huungana na oksijeni ya hewa, kwa msaada wa kimeng'enya cha lusiferasi. Mwaka 1947 William McElroy, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alionyesha kwamba kazi hiyo haifanyiki bila ATP, ambayo hubeba nguvu katika kila chembe hai.

Tangu hapo kimulimuli akaingia viwandani. Kwa kuwa penye uhai pana ATP, dawa itokayo kwake hung'aa inapokuta vijidudu au masalio ya chakula juu ya vyombo vya maziwa na nyama. Faida hiyo ni ya kweli, wala hatuidharau.

Lakini dawa hiyo ilipatikanaje? McElroy aliwalipa watoto wa Baltimore senti 25 kwa kila vimulimuli 100. Baadaye kampuni ya Sigma ya St. Louis ikawanunua kwa mamilioni. Basi twauliza: je, kiokotwacho bure chaweza kuchukuliwa bila hesabu?

Wako wasemao kwamba mdudu ni mdudu tu, na afya ya watu yatangulia. Twakubali kwamba yatangulia. Lakini haja ndiyo ihalalishayo matumizi, nayo haja ina mpaka. Mwanga ule ni wito wa dume kwa jike. Akamatwaye kabla ya kujamiiana haachi uzao. Mwaka 1985 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walifaulu kuitia jeni ya lusiferasi katika bakteria, nao wakatengeneza kimeng'enya kilekile pasipo kimulimuli kuguswa. Hata hivyo ununuzi uliendelea hadi miaka ya 1990. Hapo ndipo penye kosa: si katika kutumia, bali katika kuzidi kuchukua hali sababu imekwisha kuondoka.

Enyi wazazi, jambo hili latuhusu sote. Mtoto aliyezoea kuona kila kiumbe kuwa ni bei tu, kesho atawapima na watu kwa kipimo hichohicho. Tumfundishe kujiuliza kabla ya kunyosha mkono: Je, nina haja? Je, nitabakiza? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.